Utumbo ulianza ukiwa bapa

Juzi nilitumwa nioshe matumbo. Niko na karai, napindua lile bomba, nikajiuliza: manze, hii kitu ilishonewa wapi? Mshono hauonekani.

Kumbe kuna msee alitafuta jibu zaidi ya miaka 250 iliyopita. Enzi hizo wasomi wengi Ulaya waliamini kiumbe kiko tayari ndani ya yai, kidogo sana, kinangoja tu kukua kama puto. Albrecht von Haller, jina zito kwelikweli, alikuja na hoja mwaka 1758: utando wa kiini cha yai umeungana na utumbo wa kifaranga. Kiini kiko ndani ya kuku hata kabla jogoo hajamkaribia. Basi kifaranga naye lazima alikuwepo. Hata mimi ningekubali.

Caspar Friedrich Wolff alikataa. Huyu alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Berlin, hajafika hata miaka 30, na tasnifu yake ya 1759 ilipinga wazo hilo la kiumbe kuwa tayari. Berlin maprofesa wakambania kazi ya kufundisha. Mwaka 1767 akahamia St. Petersburg, Urusi.

Huko ndiko alichapisha kazi yake kuhusu utumbo, 1768 na 1769. Alikuwa amefungua mayai yanayoatamiwa, ya umri tofauti, akaangalia kwa hadubini. Mwanzoni hakuna bomba. Kuna utando bapa tu. Halafu kingo zake zinajikunja, zinasogeleana, zinaungana. Utumbo haukuwa umejificha popote. Ulitengenezwa hapo hapo.

Wewe pia ulipitia hiyo, karibu wiki ya 4 tumboni mwa mama. Kisha kuanzia kama wiki ya 6 utumbo wako ukakua mbio hadi ukakosa nafasi, ukatoka nje kupitia kitovuni. Ulirudi ndani karibu wiki ya 10, ukiwa umezunguka nyuzi 270. Ukikosa kurudi, mtoto anazaliwa ukiwa nje.

Sasa kinachoniuma: karibu hakuna aliyejali. Wengine husema ni kwa sababu aliandika Kilatini. Zii, Kilatini wasomi wote walikijua. Mimi nadhani jina la Haller lilitosha. Johann Friedrich Meckel ndiye alitafsiri kazi hiyo kwa Kijerumani, 1812, na hapo ndipo watu wakaanza kuisoma kwa makini. Wolff alikuwa amefariki 1794.