Muziki Nao Una Chuo

Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu wa darasa aandike maneno haya ubaoni kabla ya kuanza. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mmoja mmoja.

Konsavatori: chuo kinachofundisha muziki.
Digrii: shahada ya chuo kikuu.
Noti: alama za kuandika sauti za muziki.
Kanuni: hapa maana yake si sheria, ni chombo cha muziki chenye nyuzi nyingi, ambacho mpigaji hukilaza mapajani.

  Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya vyuo vya muziki. Nitawaambieni kwanza kwa nini nimelichagua somo hili.

Juzi nilitembelea darasa letu la Majengo, hapa Songea mjini. Tulipomaliza kusoma, mama mmoja aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, mwanangu amemaliza kidato cha sita. Anataka kwenda chuo kikuu kusoma muziki. Baba yake mdogo anasema muziki ni uhuni, hausomewi. Je, ni kweli kwamba muziki una digrii?"

Darasa likacheka. Kabla sijamjibu, mzee mmoja aliyekaa nyuma, mpiga ngoma ya mganda tangu ujana wake, akasema, "Mimi nimepiga ngoma miaka arobaini. Mbona digrii yangu haijafika?"

Darasa likacheka zaidi, nami nikacheka. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani niliona kwamba maswali yale mawili si ya kuchekwa. Mama anauliza kama muziki ni elimu. Mzee anauliza ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mtu fulani anayo elimu hiyo. Leo nitajaribu kuwajibu wote wawili.

Nyumba ya yatima

Neno konsavatori limetoka Italia. Asili yake ni neno lenye maana ya kuhifadhi. Je, kilichohifadhiwa ni nini? Vyombo vya muziki? Hapana. Waliohifadhiwa walikuwa watoto.

Katika mji wa Naples, kusini mwa Italia, palikuwa na watoto wengi yatima na maskini. Watu wa dini wakaanzisha nyumba za kuwatunza. Moja ya nyumba hizo, iliyoitwa Santa Maria di Loreto, ilianzishwa mwaka 1537. Baadaye zikawa nne. Watoto walilishwa, wakavishwa, wakafundishwa kazi ya mikono ili wapate riziki watakapokuwa wakubwa. Kidogo kidogo muziki ukawa ndiyo kazi yenyewe, kwa maana kazi ya muziki ilikuwapo: makanisa yalihitaji waimbaji, na matajiri walihitaji wapiga fidla. Vijana wale waliimba katika maandamano ya dini na katika mazishi, na fedha walizopata zilisaidia kuilisha nyumba.

Msisadiki kwamba walikuwa na raha. Mwaka 1770 Mwingereza mmoja, Charles Burney, alitembelea mojawapo ya nyumba hizo. Aliwakuta vijana wengi wakijifunza ndani ya chumba kimoja, wote kwa wakati mmoja. Huyu anapiga fidla, yule anapiga kinanda, na kila mtu na wimbo wake. Vitanda vyao vilikuwa humo humo, na vilitumika kama viti. Hata hivyo katika kelele ile walitoka mafundi waliojulikana Ulaya nzima.

Katika mji wa Venice palikuwa na nyumba kama hizo kwa wasichana. Padre Antonio Vivaldi alianza kufundisha fidla katika nyumba mojawapo mwaka 1703. Wageni walisafiri kutoka mbali kuja kuwasikiliza wasichana wale.

Kwa hiyo, mama yangu wa Majengo, mwambie shemeji yako hivi: konsavatori haikuanzishwa kwa ajili ya wahuni, wala haikuanzishwa kwa ajili ya watoto wa matajiri. Ilianzishwa ili mtoto asiye na mtu apate kazi mikononi mwake.

Kuhusu digrii, hiyo ni ya zamani pia. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilikwisha toa digrii ya muziki katika karne ya 15, yaani zaidi ya miaka 500 iliyopita.

(Hapa mwalimu anyamazishe redio kidogo. Wanafunzi waeleze kwa maneno yao wenyewe maana ya konsavatori.)

Kijana aliyekataliwa

Baada ya mapinduzi ya Ufaransa, serikali ya nchi hiyo ilianzisha konsavatori mjini Paris, mwaka 1795. Sasa jambo likabadilika. Kufundisha muziki hakukuwa tena sadaka kwa yatima. Kulikuwa kazi ya taifa, kama kufundisha maofisa wa jeshi au wahandisi. Nchi nyingine zikaiga. Milan, Italia, walifungua chuo chao mwaka 1808, London walianzisha chao mwaka 1822, na Leipzig, Ujerumani, mwaka 1843.

Lakini chuo kikishakuwa na heshima, huweka mlango, na mlango huweka bawabu. Mwaka 1832 kijana wa miaka 18 kutoka kijijini alikwenda Milan kuomba nafasi. Jina lake Giuseppe Verdi. Walimu wakamkataa. Walisema umri wake umepita, tena jinsi anavyoweka mikono juu ya kinanda si sawasawa.

Verdi hakurudi nyumbani kulia. Mfanyabiashara mmoja wa kwao, Antonio Barezzi, alimsaidia kwa fedha, akasoma kwa mwalimu wa faragha mle mle Milan. Baadaye alikuwa mtungaji mkubwa kuliko wote wa Italia katika zama zake. Na chuo kile kilichomkataa? Leo kinaitwa kwa jina lake.

Nimewasimulieni habari hii kwa sababu najua wengine wenu mmeambiwa, "Wewe umri umepita, wataka kusoma ili iweje?" Neno hilo si jipya, na si mara zote msemaji wake amekuwa na haki.

Kijana wa Unguja aliyekwenda Misri

Sasa turudi kwetu. Msifikiri kwamba habari ya kumpeleka mtu mbali akasome muziki ilianza na vijana wa siku hizi. Sayyid Barghash bin Said alitawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888. Alipenda sana muziki wa Misri. Wazee wa Unguja husimulia kwamba alimtuma kijana aliyeitwa Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni. Kijana akasoma, akarudi, akawafundisha wenzake, nao wakawa wanapiga mbele ya Sultani.

Huo ndio mwanzo wa taarabu ya Unguja kama wazee wanavyoueleza. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, aliyezaliwa katika nyumba ya watu maskini huko Fumba, alikwenda Bombay, India, kuimba nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Tazameni basi: mtu mmoja alitumwa kusoma, akarudi na elimu yake, na elimu ile haikubaki ikulu. Ilitoka nje hata ikawafikia watu wa ng'ambo ya mji.

Herufi saba

Huku kwetu Songea elimu ya muziki wa kuandikwa ilipita njia nyingine. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Katika misheni nyingi za Afrika ya Mashariki, watu walifundishwa kusoma nyimbo pamoja na kusoma maneno.

Wengi wenu ni wanakwaya. Mmepata kuona karatasi yenye herufi d, r, m, f, s, l, t. Maana yake ni do, re, mi, fa, so, la, ti. Njia hii ilianzishwa na mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Uingereza, jina lake Sarah Glover. Kisha mchungaji John Curwen, aliyefariki mwaka 1880, akaitengeneza vizuri na kuieneza. Alitaka watu wa kawaida, wasio na fedha za kununua vinanda, waweze kuimba kwa kusoma.

Hapa nataka mnisikilize sana. Herufi hizo saba ni zile zile mlizojifunza katika darasa hili. Mtu anayeweza kusoma "d" ya "darasa" amekwisha pata herufi ya kwanza ya muziki.

Fundi na chuo

Sasa nimjibu mzee wetu. Yeye alijifunza mganda kwa kusimama nyuma ya wakubwa, akitazama mikono yao. Mganda ni ngoma ya watu wa Ziwa Nyasa, na wachezaji wake hujipanga mistari kama askari wa gwaride. Hakuna aliyempa mzee karatasi. Je, hana elimu?

Mfikirieni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Alipiga zeze na ilimba, na aliimba kwa sauti iliyowashangaza watu wa nchi nyingi. Elimu yake aliipata nyumbani, katika ukoo wake. Lakini Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, yeye alikuwa miongoni mwa walimu. Wanafunzi wenye vyeti vya shule walikaa mbele yake wajifunze. Alifariki mwaka 2003. Basi, mzee wangu, chuo chenye akili humtafuta fundi na kumpa kiti.

Lakini kuna upande wa pili, nami nitausema bila kuficha. Elimu iliyo kichwani na mikononi tu huzikwa pamoja na mwenyewe. Ngapi ngoma za Wangoni na Wamatengo ambazo babu zetu walizicheza, nasi leo hatujui hata zilianzaje? Padre Stephen Mbunga wa Peramiho aliliona jambo hili mapema. Alisoma muziki kwa kitabu, akautumia usomi wake kwa muziki wa kwao. Alitunga Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 kilitoka kitabu chake kilichoeleza jinsi sheria za Kanisa zinavyoweza kuupokea muziki wa Kibantu. Wakati ule watu wengi walidhani kwamba ngoma haifai kuingia kanisani. Yeye aliweza kujibizana na wakubwa kwa sababu alizijua lugha mbili: lugha ya ngoma na lugha ya vitabu.

Siku hizi

Mama yule alitaka kujua pia njia ya mwanawe. Nitaieleza kwa ufupi.

Nairobi ilipata konsavatori mwaka 1944. Makerere, Uganda, walianza idara ya muziki, ngoma na maigizo mwaka 1971, chini ya Solomon Mbabi-Katana. Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki hadi digrii, na Chuo Kikuu cha Makumira, karibu na Arusha, vilevile. Chuo cha Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, hutoa masomo ya chini ya digrii. Unguja kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanza masomo mwaka 2002, nacho hufundisha udi, kanuni na fidla pamoja na mengine.

Mwanafunzi wa digrii hafanyi mchezo. Huchagua chombo kimoja, au sauti yake, akakifanyia mazoezi kila siku. Hujifunza kusoma na kuandika noti. Hufunzwa kusikia: mwalimu hupiga, naye huandika alichosikia. Husoma historia ya muziki wa kwao na wa mataifa mengine. Mwishoni hupiga mbele ya watu na walimu wakampima. Akimaliza aweza kuwa mwalimu wa shule, kiongozi wa kwaya, mpiga bendi wa Jeshi au Polisi, au fundi wa kurekodi sauti. Sisemi kwamba kazi zimejaa njiani zikimngoja. Hazijajaa. Atalazimika kuzitafuta.

Kabla sijamaliza nitawaambieni jambo moja. Wiki iliyofuata mama yule alikuja darasani na fomu ya chuo. Palikuwa na mahali pa mzazi kuandika jina lake. Hakuomba wino wa kidole gumba. Aliandika mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi, na mzee wa mganda alimshikia taa. Ada bado haijatimia, na baba mdogo bado hajakubali. Lakini fomu imekwenda.

Na mzee? Nimemwomba kijana yule, kabla hajaondoka, akae naye jioni ayaandike mapigo ya mganda. Mzee amekubali kwa sharti moja: kwamba jina lake liandikwe juu ya karatasi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Konsavatori za kwanza zilianzishwa kwa ajili ya nani?
2. Kwa nini Verdi alikataliwa Milan? Wewe ungefanyaje?
3. Taja ngoma moja ya kwenu. Ni nani anayeijua vizuri, na ni nani anayejifunza kwake?
4. Andika sentensi tatu juu ya mtu huyo. Anza kwa jina lake.

Kwaherini, hata somo lijalo.