Maada nyeupe na mtindio wa ubongo mkoani Singida

Maada nyeupe ni sehemu ya ndani ya ubongo, yenye nyuzi za neva zinazopeleka ujumbe kutoka tabaka la nje hadi uti wa mgongo. Weupe wake hutokana na mayelini, utando wa mafuta unaozifunika nyuzi hizo. Kwa baadhi ya watu wenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo na misuli unaotokana na ubongo kuumia ukiwa mchanga, picha ya MRI huonyesha maada hiyo imepungua, au ina makovu kandokando ya vyumba vya majimaji vya katikati ya ubongo.

Wanaoumia hivyo ni hasa watoto njiti. Kabla ya wiki ya 32 hivi ya mimba, chembe changa zitakazotengeneza mayelini hazistahimili kupungua kwa damu inayofika kwenye ubongo wala maambukizi. Nyuzi za miguu ndizo zinazopita karibu zaidi na vyumba hivyo, kwa hiyo miguu hukakamaa kuliko mikono. Mama huligundua hilo kabla ya daktari: akimfunga mtoto mgongoni kwa khanga, mapaja hayapanuki. Akisimamishwa, hukanyagia vidole na miguu hupishana. Akili yake yaweza kuwa timamu kabisa, jambo ambalo majirani hawakawii kulisahau.

Vitabu vya Ulaya hutanguliza maada nyeupe. Singida yaelekea mambo ni tofauti. Kidokezo chatoka nchi jirani: utafiti wa picha za CT uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 uliona kwamba maada ya kijivu, yenye chembe za neva zenyewe, ndiyo iliyoumia zaidi, dalili ya watoto waliotimiza miezi lakini wakapata shida karibu na kuzaliwa. Njiti wengi, bila shaka, hawakuishi hadi kupigwa picha. Wakiokolewa wengi, madhara ya maada nyeupe nayo yataonekana zaidi.

MRI ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, zaidi ya kilomita 200 kutoka Singida mjini. Lakini mazoezi ya viungo hayana haja ya kuisubiri: mtindio hutambuliwa kwa kumchunguza mtoto.

Hospitali ya Haydom, ng'ambo ya mpaka wa wilaya ya Mkalama mkoani Singida, ilikuwa miongoni mwa zilizoanza mwaka 2009 kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto asiyelia apumue. Mafunzo hayo huwafaa zaidi waliotimiza miezi. Kwa njiti, kinga huanza kabla hajazaliwa: magnesiamu salfeti, dawa ileile ya kifafa cha mimba, akipewa mama ambaye uchungu umemwanza mapema, hupunguza uwezekano wa mtindio.