Tathmini ya Hatari ya Majeraha ya Mkao wa Upasuaji

Tathmini ya hatari ya majeraha ya mkao ni uchunguzi wa kukadiria, kabla ya upasuaji, uwezekano wa mgonjwa kuumia ngozi, misuli au neva kutokana na namna alivyolazwa mezani. Aliyepewa nusu kaputi au ganzi ya uti wa mgongo hahisi maumivu wala hawezi kujigeuza.

Kipimo mahususi, ELPO, kiliundwa Brazili na kuchapishwa mwaka 2016. Huangalia mambo 7: aina ya mkao, muda, aina ya ganzi, tandiko, mikono na miguu ilivyowekwa, maradhi mengine na umri. Alama huanzia 7 hadi 35. Kuanzia 20 hatari ni kubwa.

Katika hospitali za wilaya nchini Tanzania, zikiwemo za Tarime na Serengeti, upasuaji mkubwa wa kawaida ni wa kujifungua. Mjamzito akilala chali, mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na shinikizo la damu hushuka. Kwa hiyo huinamishwa kushoto takriban nyuzi 15. Shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia hutosha. Mikono haipanuliwi kupita nyuzi 90. Upasuaji wa fistula ya uzazi (tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni), ambapo miguu huinuliwa na kufungwa kwa muda mrefu, hudai uangalifu zaidi: neva ipitayo kando ya goti ikibanwa, unyayo unaweza kulegea. Orodha ya Usalama wa Upasuaji ya WHO, iliyojaribiwa pia Ifakara mwaka 2007 hadi 2008, haina kipengele cha mkao.