Mpokezano wa malisho

Mwaka 1960 mtafiti Desmond Vesey-FitzGerald alichapisha makala kuhusu bonde la Rukwa, Tanganyika. Tembo na nyati wakiingia katika nyasi ndefu za uwanda unaofurika, hula, hukanyaga na kulaza mabua; baada yao, mahali pale pale hupata chakula wanyama ambao mwanzo wasingeweza hata kupenya. Jambo hilo aliliita kwa Kiingereza grazing succession, na istilahi hiyo ikaenea.

Kwa Kiswahili, tafsiri inayokuja upesi ni "mfuatano wa malisho". Si kosa, lakini mfuatano ni mpangilio tu. Hausemi kwamba wa kwanza amemfanyia kazi wa pili. "Urithi wa malisho" ni mbaya zaidi, maana anayerithiwa ni marehemu, ilhali mnyama aliyetangulia yu hai, anakula kwenye kilima cha pili. Ninachopendekeza ni mpokezano wa malisho.

Serengeti ndiko inakoonekana vizuri maana yake. Mvua zikikatika, makundi huacha nyanda za nyasi fupi za kusini na kuelekea kwenye nyasi ndefu za magharibi na kaskazini. Pundamilia hutangulia. Hacheui, chakula hupita tumboni mwake upesi, kwa hiyo anaweza kuishi kwa mabua makavu yasiyo na lishe kubwa, mradi ale mengi. Tena ana meno ya mbele juu na chini, basi hukata bua bila shida. Nyumbu anacheua, na kucheua kunataka majani laini. Hufika bua limeshaondolewa, mdomo wake mpana ukafyeka majani yaliyobaki. Mwisho huja swala tomi, mnyama wa kilo 20 hivi, mwenye mdomo mwembamba wa kuchagua chipukizi moja moja na mimea midogo iliyojificha chini ya nyasi.

Nyasi zenyewe zinavumilia haya yote kwa sababu sehemu yake inayokua iko karibu na ardhi, chini ya meno. Ukiukata mti ncha, umekata sehemu yake inayokua. Nyasi huchipua upya palipo na unyevu. Mwaka 1976 Samuel McNaughton alionyesha kwamba swala tomi walikusanyika hasa pale nyumbu walipokuwa wamepita wiki kadhaa kabla. Kwao, kupita kwa nyumbu kulikuwa neema.

Lakini je, pundamilia anampokeza nyumbu kwa hiari? Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia kamera za kutega na vifaa vya kufuatilia mienendo ya wanyama, unaonyesha vingine: nyumbu kwa wingi wao humaliza nyasi, na pundamilia husogea mbele kwa kusukumwa. Swala ndiye anayefuata kwa faida. Kwa hiyo mpokezano huu una pande mbili, kupisha na kuandaliwa, na kamusi itakayoliingiza neno hili isiufafanue kama ushirikiano wa wanyama. Hakuna mapatano yoyote porini.

Idadi ya wanyama nayo hubadilisha zamu. Chanjo ya ng'ombe kuzunguka hifadhi ilipowaondolea wanyamapori ugonjwa wa sotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni 1.3 ilipofika 1977. Midomo hiyo ilipunguza nyasi kavu, mioto ikapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Kabla ya hapo, nyasi nyingi zilizobaki bila kuliwa ziliteketea kila kiangazi. Ndiyo maana katika ufafanuzi wa istilahi hii ningeutaja moto pamoja na wanyama: nao ni mlaji, ila haumwachii swala kitu hadi nyasi zichipue upya.