Foto Bila Jina: Je, Inajisemea Yenyewe?

Katika vitabu vidogo vya namna hii tumezoea kusoma juu ya ndoa, mavuno na heshima ya Mwami. Safari hii tunapenda kuzungumza juu ya kitu ambacho wazee wa zamani hawakukijua, lakini leo kiko karibu katika kila nyumba hapa Lemera: foto. Swali ni hili: foto inahitaji kichwa na maneno ya kuieleza, ama inajisemea yenyewe? Wengine wanasema: «Foto nzuri haina haja ya maneno, macho yanatosha.» Wengine wanajibu: «Foto bila maneno ni sawa na bubu.» Sisi tunaona historia ya inchi yetu inaweza kutusaidia kukata maneno hayo.

1. Foto ya Baringa

Mfano wa kwanza unatoka mbali na Kivu, kule Equateur, wakati Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II. Katika mwezi wa tano 1904, mmisionari mwanamke Mwingereza, Alice Seeley Harris, alipiga foto kwenye misioni ya Baringa. Ukiitazama haraka, unaona mtu ameketi kwenye ubao wa baraza, anaangalia chini. Mbele yake kuna vitu viwili vidogo. Ni hayo tu.

Sasa sikia maneno yake. Mtu yule anaitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Vile vitu viwili ni mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi, aliyeuawa na walinzi wa kompani ya mpira iliyoitwa ABIR. Ukisha kusikia hayo, hauwezi tena kuitazama foto kama mwanzo. Foto haikubadilika hata kidogo. Wewe ndiwe umebadilika.

Bibi Harris na mume wake walilifahamu jambo hilo. Walizunguka Ulaya na Marekani, wakionyesha foto kwa taa ukutani, na papo hapo wakieleza kwa kinywa. Foto zilisaidia kuamsha watu, na mu 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji Kongo.

Juu ya nini maneno yalikuwa ya lazima? Kwa sababu mkono uliokatwa hausemi nani aliukata. Mu 1903 ilitokea kesi ya kijana Epondo, aliyekosa mkono mmoja. Kwanza alimtaja mlinzi mmoja kwamba ndiye aliyemkata. Nyuma, upande wa serikali ukatangaza kwamba nguruwe wa pori ndiye aliyemuuma. Foto ya Epondo ilionyesha kidonda tu. Ugomvi wote ulikuwa juu ya maneno.

2. Kichwa kinachoficha mtu

Basi, tuseme kila kichwa ni kizuri? Hapana. Mu 1924 alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, Mpolandi mmoja aliyeitwa Casimir Zagourski. Alizunguka Kongo na majirani, mpaka Ruanda-Urundi, ng'ambo ya Ruzizi yetu, akatengeneza mamia ya kadi za posta. Mkusanyo wake aliuita «L'Afrique qui disparaît», maana yake Afrika inayopotea. Foto zenyewe ni nzuri sana, hatuwezi kukana. Lakini tazama maneno ya chini: mara nyingi ni jina la kabila tu. Mwanamke yule ni mke wa nani, mama wa nani? Mzee yule alikuwa mwamuzi wa kijiji ama mganga? Hakuna.

Hapo kichwa kipo, na ujumbe upo wazi kabisa: Waafrika hawa wanapotea. Kumbe hawakupotea! Wajukuu wao wapo mpaka leo. Kilichopotea ni majina, na yalipotea kwa sababu mwenye kuandika hakuona haja ya kuyauliza.

3. Upanga wa mfalme

Kuna foto moja ambayo wengi watatuletea ili kutupinga. Tarehe 29 ya mwezi wa sita 1960, siku moja mbele ya uhuru, mfalme Baudouin alikuwa akipita Léopoldville amesimama ndani ya motokari wazi, pembeni yake Kasa-Vubu. Ghafula kijana mmoja akamnyang'anya upanga wake, akakimbia nao. Mjerumani Robert Lebeck alipiga foto ile dakika ile ile. Hapo kweli macho yanatosha: nguvu zinatoka mkono huu, zinaingia mkono ule.

Lakini hata hapo watu hawakusoma sawasawa. Mmoja aliona mwizi, mwingine aliona kichaa, mwingine aliona uhuru wenyewe. Na kijana yule alikuwa na jina: Ambroise Boimbo. Dunia ilijua foto kwa miaka mingi bila kumjua mwenyewe.

4. Desturi yetu inasema nini?

Kwetu, kitu cha maana hakitolewi kimya. Ng'ombe wa mahari hasukumwi tu kwenye boma la watu. Wazee wanakaa, wanasema: huyu ametolewa na fulani, juu ya binti fulani, mbele ya fulani na fulani. Siku matata yanapoingia, ni maneno yale yatakayomtambulisha ng'ombe.

Foto ilipoingia kwetu, ilifuata njia ile ile. Mzee akikuonyesha foto, anaweka kidole: «Huyu njo baba yangu mukubwa. Huyu njo ule alikufa mu vita.» Kinywa chake ndicho kichwa cha foto. Ila kinywa kinazeeka. Vita vya 1964 vilifukuza watu kwenye nyumba zao, vya 1996 vile vile, na foto zilizopona ni chache. Zile chache, mzee akifa bila kusema, zinabaki sura za watu wasiojulikana ndani ya nyumba ya wajukuu wao.

Hapa tuongeze onyo. Kuna jina la kuandika na jina la kuficha. Foto ya mtu aliyevaa nguo za askari, ama ya mama aliyetendewa ubaya, ikitembea na jina lake inaweza kumletea hatari ama haya. Usiku wa tarehe 6 ya mwezi wa kumi 1996, hospitali yetu ya Lemera ilishambuliwa, na wagonjwa pamoja na wafanyakazi, watu zaidi ya 30, wakauawa. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mkubwa wa hospitali ile, alianza hotuba yake ya Nobel kule Oslo mu 2018 kwa habari ya usiku ule. Hakuhitaji kuonyesha maiti ya mtu. Alitaja mahali, siku na tendo, na dunia ikasikia.

5. Maoni yetu

Sisi tunaona hivi. Foto haihitaji ujumbe wa kumlazimisha mtu afurahi ama alie. Hayo mwenye kutazama atayafanya mwenyewe. Inachohitaji ni ushuhuda: nani, wapi, mwaka gani, na nani aliipiga. Kama jina lina hatari, liandikwe nyuma na likae nyumbani, lisitembezwe.

Ndugu wasomaji, Waswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya likizo kwisha, tuwatume watoto wetu kwa babu na bibi zao na foto moja na kalamu moja. Waulize, waandike nyuma polepole bila kukandamiza kalamu, wasome kwa sauti ili mzee asahihishe. Ni kazi ya jioni moja tu. Lakini mzee hatungoji.