Rubondo: Kisiwa Kilichowapokea Sokwe

Umesimama kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, katika kisiwa ambacho sehemu kubwa ni msitu. Nzohe, pongo, viboko na mamba ni wenyeji wa hapa tangu zamani.

Sokwe walikuja baadaye. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama na sarakasi, wakaachiwa huru. Wakajifunza upya kutafuta matunda ya mwituni na kutengeneza viota juu ya miti. Wazao wao ndio wanaoishi msituni leo.

Kisiwa kilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1965, kisha Hifadhi ya Taifa mwaka 1977.

Tembea kimya. Uhuru waliorudishiwa sokwe hawa, na tuulinde.