Jasho, Mnazi na Hati: Walibertari Mbele ya Ardhi ya Mwambao

Mjini Mombasa mtu anaweza kuuza nyumba bila kuuza kiwanja kilicho chini yake. Kuta, paa na milango ni mali yake; atairithisha nyumba hiyo, ataipangisha, ataiweka rehani. Kiwanja ni cha mwingine, naye hulipwa kodi ya ardhi. Mashambani hali ni hiyo hiyo kwa minazi, miembe na mikorosho: aliyepanda ana mti, mwenye shamba ana udongo. Mwanasheria aliyefunzwa kwa kanuni za Kiingereza hustaajabu, kwani kwake kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mimi naona desturi hii ya mwambao ni mizani nzuri ya kupimia nadharia moja yenye sauti kubwa duniani leo, ile ya walibertari kuhusu mali na uhuru wa uchumi. Ikipimwa hapa, inatoa jibu ambalo wengi wanaoitumia hawalitaki.

Walibertari huanza na mtu. Kila mtu ni mwenye nafsi yake na mwenye kazi ya mikono yake; mali aliyoipata kwa haki haiguswi bila ridhaa yake; serikali ibaki mlinzi wa mali, mikataba na usalama, isijifanye mgawaji wa riziki. Mizizi ya fikra hii iko kwa John Locke, Mwingereza aliyechapisha risala zake mbili juu ya utawala mwaka 1689. Locke alieleza kwamba ardhi ilikuwa ya wote, na mtu akaitenga kwa kuchanganya kazi yake nayo: alipofyeka, akalima na kupanda, pakawa pake, ilimradi awabakishie wenzake ya kutosha na yenye ubora uleule. Msomaji aliyewahi kukaa darasa la fiqhi ataisikia sauti ya zamani zaidi hapa, kwani kuhuisha ardhi iliyokufa ni mlango wa umiliki uliojadiliwa na mafakihi karne nyingi kabla ya Locke kuzaliwa.

Robert Nozick, aliyefundisha Harvard na kukipa kizazi cha sasa cha walibertari kitabu chao kikuu mwaka 1974, aliuona ufa katika hoja hiyo. Aliuliza: nikimwaga kopo la maji ya nyanya baharini, nimeimiliki bahari au nimepoteza nyanya zangu? Kuchanganya changu na kisicho changu hakunipi chote. Swali ni zuri kuliko jibu lake. Nozick aliona ugumu, akalegeza sharti la Locke la kuwabakishia wengine, kisha akaendelea kujenga juu ya msingi alioutikisa mwenyewe.

Mkulima wa Kilifi angemsaidia. Akiulizwa jasho lake limezaa nini, atauonyesha mnazi. Mchanga ulio chini ya mnazi haukuzaliwa na mtu. Kwa hiyo, tukiishika hoja ya jasho bila kuinyoosha, inampa mtu mti, mazao ya mti na thamani aliyoiongeza kwenye ardhi kwa kuifyeka. Udongo wenyewe haumo. Walibertari hujibu kwamba haiwezekani kutenganisha kazi na ardhi iliyofanyiwa kazi, hivyo mwenye kimoja lazima awe na kingine. Mwambao unatenganisha. Minazi huuzwa, hurithiwa kwa mafungu ya mirathi, huwekwa rehani, na ardhi ikabaki na mwenyewe. Kinachodaiwa kuwa hakiwezekani kimefanyika hapa vizazi kwa vizazi, tena bila msaada wa profesa.

Hilo ni suala la mantiki. La historia ni zito zaidi, nami nitakaa hapo kidogo.

Mwambao wa maili kumi, ukanda wa pwani ambao Waingereza waliutawala kuanzia 1895 kwa jina la Sultani wa Zanzibar, ulipata sheria mbili kwa kufuatana. Mwaka 1907 utumwa uliondolewa kisheria. Mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hati za Ardhi, iliyomtaka kila mwenye dai la ardhi pwani afike mbele ya msajili, athibitishe, apewe hati. Na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Tazama mpangilio wa tarehe. Mashamba ya Malindi na kwingineko yalifyekwa na kupandwa kwa mikono ya watumwa. Mwaka mmoja baada ya mikono hiyo kuachiwa huru, karatasi ya kumiliki mashamba hayo ikatolewa, nayo ikaenda kwa wengine. Waliofika kwa msajili walikuwa hasa familia za Kiarabu na za Waswahili zilizojua ofisi, pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi na Wazungu. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilishikwa kwa ukoo na kwa matumizi, wengi hawakuwa na dai la namna ambayo ofisi ile ingelitambua. Waliokuwa watumwa hawakuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya minazi waliyoipanda. Wajukuu wa makundi yote mawili wakaja kuitwa maskwota. (Nayaandika haya nikijua kwamba baadhi ya hati hizo zimo katika makabati ya jamaa zetu wenyewe. Haki haina undugu.)

Ukimleta Locke hapa, anajikwaa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba majani aliyoyakata mtumishi wake yanakuwa yake, kana kwamba jasho la mtumishi hupita mwilini mwa mtumishi na kutua mikononi mwa bwana. Kwa mtumishi wa mshahara kuna mkataba wa kutetea hatua hiyo. Kwa mtumwa hakuna, na mlibertari anayeanza na umiliki wa nafsi hana pa kusimama: mtu aliyenyimwa nafsi yake hakuweza kumkabidhi yeyote kazi yake kwa ridhaa. Kwa kanuni za walibertari wenyewe, basi, hati ya shamba la watumwa ni risiti ya mali ya wizi.

Nozick alilijua hilo. Nadharia yake ina nguzo tatu: namna halali ya kupata kitu kwa mara ya kwanza, namna halali ya kukihamisha, na kurekebisha dhuluma pale mbili za kwanza zilipovunjwa. Nguzo ya tatu aliiacha bila kuijenga. Alikiri hata kwamba dhuluma zilizopita zinaweza kuwa kubwa kiasi cha kuhitaji, kwa muda, serikali pana kuliko ile aliyoipendekeza. Mlibertari mwenzake, Murray Rothbard, alikuwa jasiri zaidi. Katika kitabu chake cha 1982 kuhusu maadili ya uhuru alisema wazi kwamba pale umiliki ulipotokana na uporaji au fadhila za mtawala, ardhi ni ya mkulima anayeilima, na kodi anayotozwa ni dhuluma inayoendelea. Rothbard alikuwa adui mkubwa wa ujamaa, lakini sentensi zake hizo zingesomwa Kwale au Lamu, polisi wangeitwa.

Ndiyo maana nastaajabu ninaposikia lugha ya uhuru wa uchumi ikitumiwa nchini Kenya kutetea utakatifu wa hati. Mlibertari wa kweli haabudu hati. Hati ni ushahidi, na ushahidi hupimwa. Katiba ya Kenya ya 2010 iko karibu zaidi na Nozick kuliko wanaodai kumfuata, kwani kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu kisha kinaondoa ulinzi huo kwa mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria.

Iko hoja ya upande wa pili, nayo haifai kupuuzwa. Tukianza kuchimbua asili ya kila kipande, hakuna benki itakayokopesha wala mjenzi atakayejenga; wanunuzi wa leo hawakumpora mtu; uchumi unataka uhakika. Hernando de Soto, mwanauchumi wa Peru, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alijenga juu ya uhakika huo: maskini wana mali, wanachokosa ni karatasi inayoigeuza mali kuwa mtaji. Tanzania ilimwita, na MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wanyonge, ikazaliwa mwaka 2004. Sina ugomvi na hoja hii kama hoja ya manufaa. Ila mlibertari akishaitumia amehama nyumba. Alituambia haki ya mali inatangulia manufaa ya jamii. Sasa anatuambia tusiiulize haki kwa sababu ya manufaa ya jamii. Akiruhusiwa yeye, na mgawaji wa ardhi ataomba ruhusa hiyo hiyo.

Wapo watakaosema tiba tunaijua: ardhi iwe ya taifa. Julius Nyerere, katika kijitabu chake Mali ya Taifa cha 1958, alianza pale pale alipoanzia Locke. Ardhi ni zawadi ya Mungu, jasho ni la mtu. Mtu adai kile jasho lake lilichoongeza, asidai ardhi. Ni hoja ya mnazi na udongo, nami naikubali nusu hiyo. Tatizo ni kilichofuata. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu uliobaki tangu ukoloni uligeuzwa kuwa wa kupangishwa na serikali, na ile kanuni ya mkoloni ya 1923 iliyoiweka ardhi ya Tanganyika mikononi mwa gavana ikarithiwa ikiwa na mwenye kiti mpya. Kisha katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa nguvu, wakaacha nyuma nyumba na miti yao, vitu ambavyo Mali ya Taifa ilisema ni vyao bila shaka. Serikali iliyojipa udongo ikachukua na minazi.

Hapo walibertari wana haki ya kutukumbusha, nasi tuwasikilize. Mwanauchumi Friedrich Hayek alionya tangu 1944 kwamba anayeshika njia zote za uchumi anashika maisha ya watu. Huhitaji kuwa mfuasi wake kuliona hilo. Tume ya Rais ya masuala ya ardhi nchini Tanzania, iliyoongozwa na Issa Shivji, msomi wa mrengo wa kushoto, ilipendekeza miaka ya mwanzo ya 1990 kwamba miliki ya msingi ya ardhi iondolewe kwa Rais. Serikali ilikataa, na sheria za 1999 zikaiacha ardhi yote kwa Rais kama mdhamini.

Msimamo wangu basi hauko kwa mwenye hati wala kwa mdhamini. Kama jasho ndilo chimbuko la haki, skwota aliyezaliwa chini ya mnazi uliopandwa na babu yake ana dai bora kuliko hati ya 1908, na dai hilo linasimama bila ujamaa wowote. Kuhusu udongo wenyewe, ambao hakuna aliyeuumba, naelekea kwa Henry George, Mmarekani aliyependekeza mwaka 1879 kwamba thamani ya ardhi tupu itozwe kwa ajili ya jamii na kazi ya mtu iachwe bila kodi. Hillel Steiner na wenzake wa mrengo wa kushoto wa ulibertari wameifufua njia hiyo. Kwa pwani maana yake ni nyepesi kueleza: kodi ya kiwanja iliyozoeleka Mombasa iende kwa wakazi wa eneo, isiende kwa mmiliki asiyejulikana anapoishi, na mti na nyumba viandikishwe kama haki kamili, badala ya kuhesabiwa siku ya kubomolewa ili mtu apewe fidia ndogo.

Sheria ya Kenya yenyewe imekwisha kukiri kwamba hati inaweza kuulizwa asili yake: marekebisho ya 2016 yaliipa Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya mamlaka ya kupokea madai ya dhuluma za ardhi zilizotendeka tangu tarehe 15 Juni 1895 hadi 27 Agosti 2010. Wadai walipewa miaka mitano ya kuyawasilisha.